Neno “Ploti”: Limetoka Wapi, na Lina Maana Gani?

Mtu asimamaye penye kituo cha magari cha Kawangware saa moja asubuhi hatakawia kulisikia neno “ploti”. Mama auzaye mboga atamwambia mwenzake kwamba maji hayajafika katika ploti yao tangu juzi. Mzee aliyevaa koti na kofia atanena kwa furaha kwamba mwanawe amenunua ploti huko Kitengela. Mwanafunzi wa sekondari aliyeshika riwaya mkononi atalalamika kwamba ploti ya hadithi hiyo ni ngumu kufuata. Na kijana mwingine, akizungumza kwa simu, atauliza ploti ya Jumamosi ni ipi. Watu hao ni wanne na neno ni moja, lakini hakuna wawili kati yao waliokuwa wakizungumza habari ya kitu kimoja.

Neno hili ni la Kiingereza. Limeingia katika Kiswahili cha Kenya likatulia kama mtu wa nyumbani, na Wakikuyu nao wamelichukua, wakaliita buroti. Kwa kuwa limezoeleka hivyo, kila mtu hudhani kwamba alijua tangu utoto. Hapo ndipo shida inapoanzia. Fedha za kiinua mgongo, fedha za chai na kahawa, fedha zilizowekwa kidogo kidogo katika chama cha akiba kwa miaka 20, zote hizo hutolewa mfukoni kwa ajili ya neno hili, na wako wanaozitoa wasijue ni kitu gani hasa watakachopewa badala yake. Yafaa basi kulichunguza tangu shina lake.

Katika maandishi ya Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, “plot” lilikuwa na maana ya kipande kidogo cha ardhi, kama bustani au sehemu ya konde. Mabingwa wa lugha wamechimba sana wasipate mzizi ulio chini zaidi ya hapo; hawakuuona katika Kilatini wala katika lugha nyingine zilizowapa Waingereza maneno mengi. Kwa muda wa miaka mia nne na zaidi neno hilo lilikaa na maana yake hiyo moja, likiwatumikia wakulima.

Mambo yakabadilika katika karne ya 16. Wakati huo mabwana wenye mashamba makubwa huko Uingereza walikuwa wakiwaajiri wapimaji ili wawachoree mali zao katika karatasi. Ule mchoro nao ukaitwa “plot”, kwa kuwa ulionyesha kila kipande mahali pake. Toka mchoro wa ardhi, neno likapanda hata kufikia mpango wo wote uliochorwa akilini kabla ya kutendwa. Tena Wafaransa walikuwa na neno lao “complot”, yaani njama, ambalo sauti yake ilikuwa karibu sawa na lile la Kiingereza. Maneno hayo mawili yakaegemeana, na neno la mkulima likapata maana mpya iliyo mbaya, ya shauri la siri la kumdhuru mtu.

Waingereza wanaikumbuka maana hiyo kila mwaka. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605, mtu aliyeitwa Guy Fawkes alikamatwa chini ya jumba la Bunge mjini London akilinda mapipa 36 ya baruti. Mapipa hayo yaliwekwa na Robert Catesby na wenzake ili wamwue Mfalme James wa Kwanza pamoja na wakuu wake. Njama hiyo iliitwa “plot”, na mpaka leo huwashwa mioto na fataki katika tarehe hiyo. Karne hiyo hiyo ya 17 watu walianza kulitumia neno kwa mpango wa matukio katika michezo na hadithi, maana mtungaji naye hupanga mambo yake kwa siri, asimwonyeshe msomaji mwisho kabla ya wakati wake.

Neno lilifika Nairobi pamoja na wapimaji. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, palikuwa mahali pa majani na maji maji. Mara mahema yalipogeuka kuwa mji, ardhi ilikatwa vipande, na kila kipande kikapewa namba. Mwenye namba aliitwa mwenye ploti. Baadaye neno lilitoka mjini likaenda mashambani, kwa sababu halmashauri za wilaya zilikuwa zikipima mahali pa maduka katika vituo vya biashara, na mkulima aliyetaka kuuza sukari na chumvi alilazimika kuomba ploti. Mara nyingi alichopewa hakikuwa mali yake ya milele. Kilikuwa ni leseni ya kukaa kwa muda, iliyohitaji kufanywa upya. Lakini alirudi nyumbani akasema, “Nimepata ploti,” na jirani zake wakamtazama kama mtu mwenye ardhi mahali pawili. Hata siku zile za mwanzo, basi, neno lilikuwa limekwisha kuficha jambo.

Msomaji aweza kuuliza kama Kiswahili hakikuwa na neno lake chenyewe. Kilikuwa nalo. Tanzania husema kiwanja, na katika hati zao huandikwa kiwanja namba kadha, kitalu kadha. Serikali yao ilipoanzisha kazi kubwa ya kupima ardhi katika Dar es Salaam mwaka 2002, watu wote waliijua kazi hiyo kwa jina la mradi wa viwanja 20,000. Lakini katika sikio la mtu wa Nairobi, kiwanja ni mahali pa kuchezea mpira au pa kutua ndege. Ploti lilikuta kiti kiko wazi, likakaa.

Ili kuona jinsi neno moja linavyoweza kubeba mizigo miwili isiyofanana, hapana mahali panapofaa kama Kawangware na Kibera. Mitaa hii miwili iko upande wa magharibi na kusini-magharibi wa Nairobi, na mtu mwenye miguu mizuri aweza kutoka mmoja hadi mwingine kwa muda wa saa moja hivi. Kwa macho ya mgeni mitaa hii imefanana. Huku mabati na kule mabati. Huku vyumba vya futi 10 kwa futi 10 na kule vivyo hivyo. Nguo zimeanikwa kambani, watoto wanacheza njiani, na kila mahali watu husema ploti. Lakini ardhi iliyo chini ya mabati hayo ina historia mbili.

Kawangware ilikuwa ni sehemu ya nchi ya Wakikuyu wa Dagoretti, katika wilaya ya Kiambu, hata mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963 ikaimeza. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1950, mashamba ya Wakikuyu yaliyokuwa yametawanyika yalikusanywa, yakapimwa na kuandikwa kwa jina la mtu mmoja mmoja, kwa kufuata mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954. Kazi hiyo ilitendwa wakati wa Hali ya Hatari, hali watu wengi walikuwa kizuizini wasiweze kusimama mpakani na kusema, “Hapa ni pangu.” Manung’uniko ya wakati ule hayajaisha katika baadhi ya jamaa. Hata hivyo jambo moja ni dhahiri: ardhi ya Kawangware ilipata namba na hati. Hati nyingi za upande huo huanza kwa maneno Dagoretti/Riruta, kisha hufuata namba ya kipande.

Mji ulipowafikia wenye mashamba hayo, waliona kwamba chumba kimoja cha mabati huzaa kuliko mahindi, na tena hakingoji mvua. Wakang’oa mahindi wakajenga safu za vyumba, zikitazamana, na katikati wakaacha ua mwembamba wenye bomba la maji na kamba za nguo, na mwisho wa ua choo, na mbele yake lango. Jengo lote hilo, pamoja na watu wake, ndilo liitwalo ploti katika Kawangware. Mpangaji asemapo “ploti yetu”, hana maana kwamba ana ardhi. Maana yake ni lango analoingilia, na majirani anaopigana nao foleni ya maji, na mwangalizi apitaye kila mwanzo wa mwezi kukusanya kodi. Siku hizi ghorofa za mawe zimeinuka mahali pengi palipokuwa na mabati, lakini wakaaji wake bado hujulikana kwa ploti yao. Neno la Waingereza lilikuwa la udongo mtupu, na watu wa Nairobi wamelipa kuta, paa na majirani, maana ambayo Mwingereza akiisikia hataielewa.

Sasa Kibera. Jina lenyewe latokana na Kibra, ambalo katika Kinubi ni msitu. Wanubi walikuwa askari kutoka Sudan walioingizwa katika jeshi la Waingereza Uganda, na baadaye katika King’s African Rifles, yaani KAR. Tangu mwaka 1904 hivi walianza kukaa katika msitu huo pamoja na jamaa zao. Mwaka 1918 eka 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Askari aliyemaliza utumishi wake alipewa kibali cha kukaa na kulima, nacho kiliitwa pasi ya shamba. Hakikuwa hati ya kumiliki. Mwaka 1928 ardhi iliondolewa katika mikono ya jeshi ikatiwa chini ya utawala wa kiraia, na ile Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter, iliyofanya kazi yake mwaka 1932 na 1933, ilipofika katika habari za Kibera, ilisema kwamba Serikali ilikuwa na wajibu kwa askari hao wazee, ama kuwarudisha kwao ama kuwatafutia mahali pa kukaa. Lakini katika sheria waliendelea kuwa wapangaji wa Serikali, wakaao kwa hiari yake.

Miaka ikapita. Vipande vya Kibera vikakatwa kwa ajili ya mitaa ya nyumba za mawe iliyojengwa baada ya Uhuru. Watu wa makabila yote wakaja kutafuta kazi, wakapanga vyumba kwa Wanubi, kisha wakajenga vyao, kwa ruhusa ya chifu au bila ruhusa. Wanubi nao hawakuacha kudai. Mwezi wa Juni 2017 walikabidhiwa hati ya eka 288, iliyoandikwa kuwa mali ya jamii nzima wala si ya mtu mmoja mmoja. Mwenye kupenda hesabu na alinganishe 288 na zile 4,197 za mwaka 1918. Ataona kwamba hazifiki eka 7 katika kila eka 100. Sehemu kubwa ya makazi yaliyobaki imeendelea kuhesabiwa kuwa ardhi ya Serikali.

Basi chukulia karani mmoja aliyestaafu. Ana fedha zake za kiinua mgongo, naye ataka kitu kitakachomlisha uzeeni. Rafiki ampeleka Laini Saba au Mashimoni, amwonyesha vyumba kumi vya udongo na mabati, vyote vina wapangaji. “Mzee, hii ploti inauzwa,” aambiwa. Bei yaonekana nafuu ajabu kuliko Kawangware, na kodi ya vyumba kumi yaweza kurudisha fedha hizo upesi. Mapatano yaandikwa, mashahidi watia sahihi, pengine kwa mzee wa kijiji, na muuzaji si mwongo, maana vyumba ni vyake kweli. Karani arudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba wamepata ploti Nairobi. Lakini alichonunua ni miti, udongo, misumari, mabati na haki ya kupokea kodi kwa muda mambo yatakapokuwa shwari. Ardhi haimo katika mapatano, kwa kuwa muuzaji hakuwa nayo, na chifu au mzee wa kijiji hana uwezo katika sheria wa kumpa mtu ardhi ya Serikali.

Hayo si ya kufikirika tu. Mwezi wa Julai 2018 matingatinga yalipita Kibera ili kupisha njia ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ile ya Lang’ata. Nyumba, makanisa na shule vilianguka, na maelfu ya watu wakatoka na magodoro yao mgongoni. Waliokuwa wameweka fedha zao katika vyumba hivyo waliambulia mabati waliyowahi kuyafungua. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya jinsi kazi ile ilivyotendwa, na wengi walikuwa nayo. Lakini mwenye vyumba asiye na hati alikuwa na neno dogo sana la kusema mbele ya sheria.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba lugha za Waafrika zilikuwa zimekwisha kulitenga jambo hili kwa uwazi, na neno geni ndilo lililokuja kulifunika. Mkikuyu alijua tofauti ya mwenye githaka na muhoi. Muhoi ni mtu aliyeomba mahali katika ardhi ya mbari nyingine. Alijenga nyumba, akalima, mazao yakawa yake, lakini ardhi haikuwa yake, na kila mtu kijijini alilijua hilo pasipo karatasi. Mjaluo naye ana jina lake, jadak, kwa mtu akaaye katika ardhi ya wengine, tofauti na wenye ardhi. Katika Mombasa watu wamezoea mpango wa nyumba bila ardhi: mmoja ni mwenye kuta na paa, mwingine ni mwenye uwanja, na mwenye nyumba humlipa mwenye uwanja kodi yake. Mtu wa Mombasa auzapo nyumba ya namna hiyo husema wazi kwamba auza nyumba bila ardhi, na mnunuzi hukadiria bei kwa kufuata neno hilo. Kama mtu wa Kibera angeuza kwa maneno ya Mombasa, au mnunuzi Mkikuyu akajiuliza kama atakuwa mwenye githaka au muhoi, machozi mengi yangezuiliwa. Lakini wote wawili husema ploti.

Isidhaniwe kwamba kule Kawangware hakuna mashimo. Kwanza liko shimo la hati ya marehemu. Baba aliyeandikiwa ardhi katika miaka ya 1950 alikwisha kufa. Wanawe watano wakagawana kwa maneno, kila mmoja akajenga safu yake ya vyumba, na kila mmoja huiita safu hiyo ploti yake. Mmoja akipatwa na haja ya fedha, auza “ploti yake”. Ukienda kupekua daftari ya ardhi utakuta kipande ni kimoja, namba ni moja, na jina ni la marehemu. Kwa Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, mwana hana uwezo wa kuuza ardhi ya babaye kabla mahakama haijatoa kibali cha kusimamia mali na kukithibitisha. Upekuzi huo si jambo gumu kama zamani. Tangu mwaka 2021 habari za ardhi ya Nairobi zimeanza kuingizwa katika mtambo wa Serikali uitwao Ardhisasa, na yafaa mnunuzi aufanye mwenyewe au kwa wakili wake, asingoje karatasi aletewayo na muuzaji mkononi.

Liko na shimo la vipimo. Matangazo hupenda kusema hamsini kwa mia, yaani futi 50 upana na futi 100 urefu, na papo hapo huongeza kwamba hiyo ni thumuni ya eka. Si kweli. Eka moja ina futi za mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Hamsini mara mia ni 5,000 tu. Mnunuzi amekwisha kupoteza futi za mraba 445, ambazo ni vyumba vinne vya futi 10 kwa 10 na bado pabaki pa choo. Tena wapimaji hawatumii futi siku hizi. Wao hupima kwa mita, na ile hamsini kwa mia mara nyingi hukatwa mita 15 kwa mita 30, yaani hekta 0.045, ambayo imepungua tena kidogo. Thumuni halisi ya eka ingekuwa hekta 0.0506. Mwenye kusoma hati yake na asome hekta, asisome matangazo.

Na katika Kiingereza kuna neno lingine, “lot”, ambalo halina ujamaa na “plot” ijapokuwa husikika kama ndugu yake. Asili yake ni kura, ile ya kupiga ili kila mtu apate fungu. Humo ndimo lilimotoka neno la barua ya ugawaji, ambayo Serikali humpa mtu kumjulisha kwamba amechaguliwa kupewa kipande fulani, kwa masharti fulani na malipo fulani. Barua hiyo si hati ya ardhi. Lakini kwa miaka mingi Kenya barua za namna hiyo zilinunuliwa na kuuzwa mkono kwa mkono kama hati kamili, na vipande vya bustani za watu wote, vya barabara na vya shule vikapotea. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung’u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa ripoti yake mwaka 2004, iliyaeleza mambo hayo kwa kirefu. Hapo maana mbili za “plot”, kipande cha ardhi na njama ya siri, zilikuwa zimekutana katika karatasi moja.

Zile maana nyingine mbili hazina hasara kubwa. Walimu wa fasihi wamelitumia neno ploti katika kufundisha hadithi, na wengine wamependelea msuko, nao wamefanya vizuri, kwa kuwa kila aliyemwona mama akisuka mkeka huelewa mara moja jinsi ukili mmoja unavyopita chini ya mwingine na kutokea mbele. Kwa habari ya vijana wa Sheng, kwao ploti ni mpango wa kwenda kustarehe: ploti ya Jumamosi, ploti ya jioni. Wazee huwacheka, na pengine huwakemea kwa kuharibu lugha. Lakini yule kijana wa kituo cha magari, pasipo kujua, amelirudisha neno mahali lilipokuwa katika karne ya 16, wakati lilipoondoka katika mchoro wa ardhi na kuwa shauri la watu wachache waliokubaliana mahali pa kukutana.

Mtu akitoka Kawangware akishuka kuelekea Barabara ya Ngong, atapita mbele ya kuta na malango yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, kwamba ploti hii haiuzwi. Maandishi hayo yako kila upande wa Nairobi, na mgeni huyashangaa, maana katika miji mingine mtu huandika anapotaka kuuza. Mwenye kuyaandika ana hati yake nyumbani, na hana haja ya fedha. Amesikia tu kwamba watu wasiomjua wameonekana wakimwonyesha mnunuzi mipaka yake.